Fundo la Mwenye Bucha

Nilikuwepo. Msije mkaambiwa na wengine, hao walisimuliwa. Mimi haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na macho yangu hayajawahi kunidanganya.

Ilikuwa mchana kweupe. Shemeji yangu, mke wa kaka, anakanda watu kwenye chumba kimoja nyuma ya saluni, nami nilikwenda anikande kiuno bure, undugu ndio huo. Nikamkuta na mteja, mwenye bucha wa mtaa wa pili, jitu la miraba minne, limelala kifudifudi. Alilalamika shingo imemkaza mwezi mzima. Mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi, tena nifunge mdomo.

Shemeji ana kanuni yake: fundo la msuli halipondwi, linasukumwa kutoka shingoni, begani, mpaka litokee vidoleni, na mkono uachwe uning'inie pembeni ya kitanda. Akamimina mafuta. Dakika kumi hazijapita, jamaa anakoroma.

"Shemeji," akaninong'oneza, "hili fundo linatembea lenyewe."

Nikainuka kuangalia. Chini ya ngozi, kitu saizi ya yai. Kilikuwa kinatangulia mikono yake. Kilipofika kwenye kiwiko, kikagoma. Hapo ndipo shemeji alipokosea: ili apate nguvu, akauweka ule mkono begani kwake mwenyewe, akasukuma.

Fundo likaingia kiganjani.

Kiganja kikamkaba shemeji koo.

Mteja anakoroma. Mkono unanyonga. Ukamgonga kichwa ukutani, mara moja, mara mbili. Plasta ikadondoka pamoja na nywele. Macho yakamtoka. Miguu ikaacha sakafu. Nikaruka kama simba, nikavunja vidole kimoja kimoja. Ta. Ta. Ta. Ta. Cha tano kikaachia chenyewe. Mtu bado anakoroma.

Alipoamka alijinyoosha, akasema shingo imekuwa nyepesi, Mungu akubariki mama. Akavaa shati, akafunga vifungo kwa mkono ule ule, vidole vinne vimegeukia nyuma.

Sasa, penye ukweli nisiongope: pale pa kuruka kama simba nimetia chumvi. Nilikuwa chini ya benchi, taulo mdomoni, macho nimeyafumba. Ila vidole vilivunjika, nilivisikia vyote vinne. Na chumbani tulikuwa watatu tu.

Shemeji alinishukuru huku analia. Sikumkatalia.

"Ila, shemeji," akasema, akijipapasa shingo, "mbona mikono yako ilikuwa ya baridi vile?"