Mota Iliyovishwa Sponji

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie habari za nyumba moja iliyopashwa moto polepole mpaka ikakaribia kuungua, na aliyeipasha ni mtu mwema kabisa.

Fundi makochi na mkewe mkunga walikuwa watu wa raha zao. Asubuhi walikunywa chai uani, redio ikiimba, kuku wakichokora karibu na baiskeli ya umeme ambayo mkunga alipewa na zahanati ili awafikie wajawazito wa kule mlimani. Redio ilikuwa na kava. Kigoda kilikuwa na kava. Hata birika lilishonewa koti la sponji, na chai ikakaa moto mpaka mchana.

"Siku utakayonishonea kava na mimi, narudi kwetu," mkunga alimtania.

"Mzuri kama wewe nani akufunike?" mumewe akajibu, na wote wakacheka.

Fundi alikuwa na ila moja tu: hakubali kosa lake. Kochi likilegea, basi mteja ni mnene. Chai ikimwagika, basi meza imepinda. Watu walimzoea, wakaifanya mzaha wa mtaa.

Sasa, mota ya baiskeli ile ilikaa chini, pale kwenye pedeli, ikiwa na mbavu za bati kwa nje. Fundi akaona mbavu zinakusanya vumbi. Akazijaza sponji moja baada ya nyingine, juu yake akavisha kava jekundu la ngozi ya plastiki, kashona kwa uzi mweupe: MKUNGA. Mtaa mzima ukasifu. Mkunga mwenyewe alifurahi akamkumbatia mbele za watu.

Haukupita muda, baiskeli ikaanza visa. Tambarare inakwenda vizuri, ikifika mlimani inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, kisha inazima. Mkunga akawa anafika kwa wagonjwa amelowa jasho, kachelewa.

"Mume wangu, mota inachemka. Hebu tulivue hilo kava tuone."

"Kava limekukosea nini? Wewe ndiye unayeibana mlimani utadhani umeiiba!"

Ikawa wimbo wa kila siku. Unaibana. Huna mkono wa kuendesha. Wanawake na mashine! Mkunga akachoka kujibu, akanyamaza. Chai ikanywewa bila utani, na redio ikabaki kuongea peke yake. Tusimcheke fundi, jamani. Wangapi kati yetu tunafanya hivyo hivyo, tena bila hata kujua kushona?

Siku moja simu ikalia. Uchungu umemshika mdogo wake fundi, mimba ya kwanza, na kule juu yuko na mumewe tu, ambaye alikuwa analia kumshinda.

"Wifi, njoo upesi!" sauti ikasikika.

"Leo naendesha mimi," fundi akasema, akishika usukani. "Kaa nyuma ujifunze."

Mkunga akakaa nyuma na mkoba wake. Tambarare fundi alipiga mluzi. Mlima ulipoanza mluzi ukapungua. Katikati ya mlima harufu ikawafikia, moshi ukafuata, baiskeli ikazima kabisa. Mwenye kuibana leo alikuwa nani?

Mkunga hakuuliza. Aliruka chini, akatupia mkoba begani. "Mdogo wako ananisubiri," alisema, akaanza kukimbia.

Fundi akabaki na kazi ya mikono yake. Alilirarua lile kava, akaungua vidole. Sponji ilikuwa imeyeyuka, imegandamana na mbavu. Ndipo akalikumbuka birika na koti lake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaisukuma baiskeli kuipandisha mlima, akimwomba Mungu asimnyang'anye mdogo wake kwa sababu ya urembo wa kava.

Alipofika mlangoni kulikuwa kimya. Kisha mtoto akalia, kilio kikubwa cha hasira, kitamu kuliko wimbo wowote!

Mkunga akatoka, anahema bado. "Wote wazima. Kamba ya kitovu ilimzunguka mtoto shingoni. Ningechelewa kidogo tu..."

Hakumaliza. Fundi alikuwa amepiga magoti. "Si wewe, wala si mlima. Ni mimi na sponji yangu. Nisamehe, mke wangu."

"Rudia."

"Nisamehe."

"Siyo hiyo. Ile ya 'ni mimi'. Sijawahi kuisikia."

Wakacheka mpaka baba wa mtoto akachungulia kujua kuna nini.

Kesho yake jirani yao, dada anayetengeneza mota, aliifungua. Waya zimebabuka, gia ya nailoni imelegea kama mshumaa juani. Akasuka waya mpya, akaweka gia ya chuma, akaongeza kifaa cha kupima joto chenye taa nyekundu kwenye usukani. Fundi naye hakukaa bure. Kwa mkasi wake wa kukatia ngozi alikata mbavu mpya za bati, pana zaidi, akazipanga kwa ustadi ule ule wa kupanga mikunjo ya kochi, ili upepo upite na kuipoza mota. Mkunga aliupanda mlima akiimba, mumewe akimkimbilia nyuma: "Taa imewaka?" "Haijawaka!" "Imewaka?" "Haijawaka, bwana!"

Siku hizi fundi akianza kupandisha sauti nyumbani, mkewe husema tu, "Taa nyekundu!" Naye hukaa chini, akamimina chai.

FUNZO

Ndugu zangu, nyumba nyingi hazivunjwi na waovu. Huvunjwa na mtu mwema asiyejua kusema nimekosea. Ukiona mwenzako anachelewa, anachoka, ananyamaza, usikimbilie kumlaumu. Kagua kwanza ulichomvisha wewe mwenyewe, hata kama ulikishona kwa mapenzi. Na neno "ni mimi" liseme mapema, ukiwa bado tambarare. Usingoje mlima.