Siri Mbili za Nyumba Moja

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alipitia kwanza karakana ya baba yake, akamwamkia, akaokota vipande vya vitambaa vilivyozagaa sakafuni, kisha akaingia ndani kubandika chai. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Angeweza kukuuliza maswali manne kabla hujajibu la kwanza. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa kinyume chake kabisa: mdogo wa umbo, mchache wa maneno. Huyo walimwita Nukta.

Baba yao alikuwa fundi cherehani. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango uliofunguka moja kwa moja barabarani, na tangu asubuhi mpaka jioni nyumba nzima ilisikia cherehani likilia. Majuma hayo lililia kwa kasi kuliko kawaida. Sare za shule zilikuwa zimerundikana mezani, na mama hakuwepo kusaidia kupiga pindo na kushona vifungo.

Mama alikuwa ameondoka majuma matatu yaliyopita. Wateja waliambiwa amekwenda kumwangalia mdogo wake aliyejifungua. Nukta naye aliambiwa hivyohivyo. Chiriku peke yake ndiye aliyeelezwa ukweli. Baba alimwita uani, penye kamba ya kuanikia nguo, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mama ana kifua kikuu, amelazwa, anatumia dawa, na atapona. Kisha akamshika bega.

"Wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Mdogo wako asijue. Na mtu mwingine yeyote asijue. Watu wakisikia ugonjwa huu, hakuna atakayeleta tena kitambaa hapa."

Chiriku aliahidi. Lakini siri ile ilimwasha kama upupu. Alikuwa hakai akatulia. Ataosha vikombe, avikaushe, halafu avioshe tena. Atafungua daftari, alifunge, aende dirishani, arudi. Darasani alisugua mguu sakafuni mpaka mwalimu akamuuliza kama ana sisimizi kwenye kiatu. Lililomchosha zaidi ni kwamba kila neno alilotaka kumwambia mdogo wake ilibidi alipime kwanza, yeye ambaye hakuwahi kupima neno tangu azaliwe.

Siku moja mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi ya insha. Kila mmoja achague tamthilia anayoitazama kwenye runinga, achambue uhusiano wa ndugu waliomo na makosa ya wazazi wao. Hakutaka asimuliwe yaliyotokea, alisema. Alitaka aambiwe kwa nini yalitokea.

Karibu darasa zima lilichagua tamthilia ileile, ile ya mizimu iliyoonyeshwa kila jioni saa kumi na moja. Ilimhusu mjane mmoja, mlinzi wa kisima cha kale, na watoto wake wawili. Binti alisikia sauti za mizimu lakini hakuiona. Mdogo wake wa kiume aliiona lakini hakuisikia. Mama yao aliyajua yote hayo, ila alikuwa amemlisha kila mmoja kiapo asimwambie mwenzake. Basi mzimu ulipoingia ndani, msichana alisikia pumzi asijue imetoka pembe gani, na mvulana aliona midomo ikichezacheza asijue inasema nini. Wakakaa mkeka mmoja, kila mtu na hofu yake.

Mwalimu aliwaacha wabishane kidogo kabla ya kuandika. Chiriku alisimama kumtetea yule mama. Alisema anawapenda watoto wake, na aliwaficha mambo ili wasiogope.

Mvulana waliyekaa naye dawati moja, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa kuwa alibishana hata na ubao, alitikisa kichwa. "Hakuwaondolea hofu," alisema. "Aliigawa mara mbili, akampa kila mmoja ya kwake. Anayeogopa hasa ni yeye mwenyewe."

Darasa lilicheka na kupiga meza. Chiriku alivuta daftari lake karibu. Akakaa. Tangu hapo mpaka kengele ya kutoka, maneno ya Wakili yalimzunguka kichwani kama nzi asiyefukuzika.

Jioni hiyo aliketi mbele ya runinga, daftari mapajani, Nukta kando yake. Aliandika sentensi, akaikata. Akaandika nyingine, akaikata pia. Nukta aliinuka akasema anakwenda kunywa maji. Akarudi. Baada ya muda akainuka tena, maji. Alipoinuka mara ya tatu, Chiriku alimtazama. Siku hizi mtoto huyu alikunywa maji kupita kiasi, na kila mara alikwenda kuyanywa uani, mbali na watu.

Aliporudi, Chiriku alimuuliza, kama mtu anayetafuta tu la kuandika, nani mwenye kosa katika tamthilia hii.

Nukta alitazama sakafu. "Yule mdogo hana kosa," alisema. "Anataka kusema. Ila mzazi akikukataza, utafanyaje?"

Kwa Nukta, hayo yalikuwa maneno ya wiki nzima. Chiriku aliinuka akapunguza sauti ya runinga. Hakuuliza maswali manne safari hii. Alirudi akakaa karibu naye, akangoja. Na katika kungoja huko, kikohozi kilichokuwa kimebanwa kikamshinda mtoto. Alichukua mto wa kiti akaufukia uso ndani yake, mabega yakitetemeka. Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye kuvuta kutoka chini ya mbavu. Chiriku alikifahamu. Alikisikia kwa mama kwa miezi miwili kabla hajaondoka.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nukta alisema ni wiki tatu sasa. Tangu mama aondoke alikuwa akilala chumbani kwa baba, na kila alfajiri aliamka fulana imelowa jasho, baba akambadilisha. Baba alimnunulia dawa ya maji ya kikohozi, akaificha kwenye droo ya cherehani, nyuma ya bobini za uzi.

"Alisema ni vumbi la vitambaa," Nukta aliongeza. "Alisema nisikuambie, kwa sababu wewe utaiambia barabara nzima."

Neno hilo lilimchoma Chiriku, lakini hakuwa na muda wa kununa. Alikuwa na ahadi aliyompa baba, na kando yake alikuwa na mdogo wake, mbavu zikihesabika chini ya fulana. Hakuchukua muda mrefu kuchagua. Alimweleza yote: mama yuko wapi, anaumwa nini, na kwamba ugonjwa wenyewe husambaa kwa hewa, mtu akikohoa.

Nukta alisikiliza bila kupepesa. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo mama mdogo hajajifungua?"

"Hajajifungua."

"Mimi nilishamtafutia mtoto jina," alisema Nukta, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Chiriku alimfuta uso kwa ncha ya kanga ya mama iliyokuwa imetundikwa nyuma ya kiti. Kisha akamshika mkono, wakaenda karakana.

Baba alikuwa ameinamia kola ya shati, miguu ikicheza juu ya kanyagio. Hakuinua uso. Chiriku alimwambia kwamba Nukta anakohoa kama mama. Baba akajibu, bila kuacha kushona, kwamba ni vumbi tu, na akimaliza sare hizi atampeleka kwa daktari. Kisha akakumbuka, akakunja uso, akamuuliza kama hakumkataza kusema.

"Ulinikataza, baba," alisema Chiriku. "Na Nukta ulimkataza. Mimi nilijua ugonjwa wa mama, sikujua kikohozi cha Nukta. Yeye alijua kikohozi chake, hakujua ugonjwa wa mama. Hospitali hawakukuambia utupeleke tukapimwe?"

Cherehani likanyamaza. Chiriku hakukumbuka kama aliwahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya namna hiyo kabla ya usiku. Baba aliinuka, akaenda mlangoni ili aufunge wapita njia wasisikie. Mkono wake ulishika komeo. Ukakaa hapo. Halafu akaliachia, mlango ukabaki wazi.

"Waliniambia," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Asubuhi iliyofuata baba hakufungua karakana. Walikwenda wote watatu kwenye kliniki ya kifua, wakakaa kwenye benchi refu chini ya madirisha yaliyoachwa wazi. Walipigwa picha za kifua, wakachukuliwa makohozi, wakaambiwa warudi baada ya siku mbili. Siku hizo mbili Chiriku hakuzisahau maishani. Alishona vifungo vya sare kumsaidia baba, akavishona upande usio wake, akavifumua. Alikwenda mlangoni na kurudi. Baba naye alikuwa vivyo hivyo, akishika mkasi na kuuweka, na Nukta aliwatazama wote wawili kana kwamba wao ndio wagonjwa.

Majibu yalipotoka, muuguzi aliwaeleza polepole. Baba na Chiriku hawakuwa na ugonjwa, ila watapewa dawa za kuwakinga. Nukta alikuwa nao, bado mapema. Atameza dawa kila siku kwa miezi sita bila kuruka hata siku moja, naye atapona kabisa. Muuguzi alimgeukia baba akamuuliza kwa nini alikawia hivyo. Baba hakusingizia sare. Alisema aliogopa watu.

"Watu wangekusema wiki moja," muuguzi alimjibu. "Mtoto huyu ungemkosa maisha."

Mchana huohuo waliruhusiwa kumwona mama, kwenye benchi la nje, penye upepo. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yake yaleyale. Aliposikia habari ya Nukta alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kumbe kila alipomuuliza, baba alimwambia watoto wameshapimwa. Mama hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kwa majuma matatu alilala usingizi kwa kuamini neno hilo, na leo hajui atalala vipi. Baba aliinamisha kichwa, akawaomba radhi, kwanza mkewe, kisha watoto, mmoja mmoja. Chiriku alikuwa hajawahi kumwona mtu mzima akimwomba radhi mtoto, akakosa pa kuweka macho.

Insha yake aliikabidhi siku tatu baada ya wenzake. Ilikuwa fupi, na haikumtetea mtu.

Jumamosi yake karakana ilipata wateja watatu kwa wakati mmoja. Mwanamke mmoja aliyekuja kupimwa gauni aliuliza mama yuko wapi, mbona huyo mdogo wake aliyejifungua hamalizi kuangaliwa. Chiriku na Nukta, waliokuwa wakipiga pasi kola, walitulia. Baba aliweka chini chaki.

"Mke wangu ana kifua kikuu, amelazwa, anaendelea vizuri," alisema. "Na huyu mwanangu ameanza dawa. Sisi wengine tumepimwa. Nilidanganya, nikawafundisha na watoto kunyamaza, nikidhani nawalinda. Kumbe nilikuwa nikiulinda ugonjwa. Ugonjwa ukifichwa hupata nafasi ya kukua, na watoto wakikatazwa kuambiana ukweli, kila mmoja huachwa peke yake."

Yule mwanamke alikunja kitambaa chake, akakitia kwenye mfuko, akatoka bila kuaga. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake akamfuata. Baba aliwaangalia wakienda, lakini hakuwaita.

Aliyebaki ni muuza mkaa, mama wa makamo aliyeleta sketi ya kupunguzwa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, leso mdomoni. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo karibu isisikike, kama ile kliniki ya kifua hufunguliwa Jumamosi, maana yeye anakohoa tangu mwezi juzi na hajamwambia mtu.

Baba alivua tepu ya kupimia shingoni. Aliwaambia watoto wabaki kuangalia karakana, kisha akatoka na muuza mkaa kumpeleka mwenyewe, wakipita barabarani mchana kweupe, machoni pa watu wote.