Msonyo Mkekani

Jumapili tukitoka kanisani hurudi nyumbani kwetu Mpumudde kula wali na maharage. Jumapili ile baba, dereva wa lori la mizigo, alikuwa amepumzika, akatupeleka kwenye mkahawa mpya wa Jinja uliojengwa kama kijiji cha zamani.

Kijiji gani! Vibanda vilikuwa vya saruji iliyopakwa rangi ya udongo, na nyasi za paa zilikuwa za plastiki. Watu wazima walikalishwa kwenye mikeka, wakapigana picha na kinu kisichowahi kutwanga chochote. Wadogo zangu, Ashley na Gordon wa miaka mitatu, walirukaruka kwa furaha. Mimi, niliyejiona bingwa kwa miaka yangu kumi na miwili, nilibinua midomo.

Mhudumu aliyeitwa Namukose akaja na birika la maji. Alipiga magoti mbele yetu, kama wanawake wa Busoga wanavyosalimu.

"Kalibu, bwana. Kalibu, mama. Leta mikono, mnawe."

Wazazi walinawa, wakamshukuru, wakageukia orodha ya vyakula. Zamu yangu ilipofika nilisonya.

"Siguswi na mtu wa kutambaa chini," nilinong'ona.

Namukose akainamisha macho. Ashley akacheka, nami nikajiona mjanja kweli.

"Gordon, nawa mikono tule," mama akasema.

Gordon akabinua midomo, akamsonya mama. "Siguswi na mtu wa chini!"

Baba akasimama, akamshika Gordon mkono. "Huyu hali chochote hapa. Namrudisha nyumbani sasa hivi!"

Gordon alilia, asijue kosa lake. Namukose alijua maneno yale yalikotoka, lakini hakunishtaki. Mimi nami ningeweza kunyamaza, na hapo ndipo nilipojidharau kuliko nilivyodharau kile kijiji chote.

"Baba, mwache. Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia huyu dada."

"Basi mwombe radhi," baba akasema kwa ukali.

Nilisema samahani nikiwa nimesimama, sauti ikapita juu ya kichwa cha Namukose. Haikutosha. Nikapiga magoti, nikamtazama usoni.

"Dada, nimekukosea. Nisamehe."

"Imeisha, mwana. Mama yangu alinifundisha hii heshima. Mimi sioni haya."

Nilipogeuka, Gordon alikuwa amepiga magoti kando yangu, machozi mashavuni, akimnyooshea Namukose mikono yake miwili.

"Umeona, Natasha?" mama akasema. "Mtoto hachagui cha kuiga. Ukidharau, atadharau. Ukiheshimu, ataheshimu. Wewe ndiye mkubwa wao, basi angalia unachowafundisha."