Saa ya Pesa ya Babu

Jua lilikuwa linazama na wenye maduka wameanza kuteremsha mageti nilipotoka kwenda kununua saa. Pesa nilikuwa nimeikunja kwenye mfuko wa sketi, na mkono wangu ulikuwa juu yake njia nzima. Jumatatu nilikuwa naanza kazi ya uuguzi wodini, na muuguzi asiye na saa yenye mshale wa sekunde atahesabu mapigo ya wagonjwa kwa nini, kwa kukisia?

Babu ndiye aliyenipa. Aliuza baiskeli yake bila kumwambia mtu, akanibana kiganja juu ya zile noti. Tangu nikiwa mdogo hunitania kwa kuniita mke wake, na siku hiyo pia hakuacha.

"Chagua inayokwenda sawasawa, mke wangu," aliniambia. "Halafu uje unipime nayo mimi kwanza."

Mimi nami nina macho ya kuchagua. Duka la kwanza saa zilikuwa za plastiki, kama za watoto. La pili zilikuwa nzuri, lakini bei zake zilinitoa mbio. La tatu lilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi, na fundi wake ameinamia taa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Saa zilijaa ukuta mzima, lakini hakuna hata moja iliyokuwa inalia. Zote zilikuwa zimevutwa vile vitufe vya pembeni, mishale imesimama. Nikadhani anaziokolea nguvu, nikamwona mtu wa maana.

Niliipenda moja papo hapo. Nyembamba, uso mweupe, mshale wa sekunde mwekundu. Ilikuwa ya kutia ufunguo kwa kuzungusha kitufe chake, na bei ilitosha.

Fundi alitoa kile kioo jichoni.

"Pesa ni yako, binti?"

Nilihisi uso umepata moto. Mtu mzima mimi, nina cheti cha kazi, niseme nanunuliwa vitu na babu?

"Yangu."

"Nauliza kwa sababu hii humfuata mwenye pesa. Kama ni ya mtu mwingine, chagua nyingine."

"Fundi, nimesema ni yangu."

Alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. Nyuma ya pazia, mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, kisicho na nguvu... na ikanijia harufu ninayoijua vizuri, ya kitanda ambacho mgonjwa hajainuliwa siku nyingi.

Nilichukua saa yangu nikatoka.

Nyumbani babu alikuwa ameketi kitandani, redio iko pajani. Alinyoosha mkono kabla sijakaa. Nilikuwa nimeivaa saa mkono wa kushoto, nikaweka vidole vya mkono huohuo kwenye kifundo cha mkono wake, nikatazama ule mshale mwekundu.

Mshale ukaruka. Moyo ukapiga.

Mshale ukaruka. Moyo ukapiga.

Moyo wa babu ulikuwa mbovu miaka mingi. Ulijikwaa, ulikimbia, ulisahau. Jioni hiyo haukujikwaa hata mara moja. Nilipaswa kushtuka, lakini nilifurahi. Nilimwambia ana moyo wa kijana, akacheka, akaniuliza sasa harusi lini.

Redio ikatangaza saa. Yangu ilikuwa nyuma kidogo, kwa hiyo nikavuta kitufe ili niirekebishe. Vidole vya kushoto vilikuwa bado viko mkononi mwake.

Mshale ukasimama.

Na chini ya vidole vyangu...

Kimya.

Taya lilimlegea. Macho yakabaki nusu wazi, yakiangalia mahali nisipopaona. Nilikibonyeza kile kitufe kwa nguvu hata kikaniumiza. Mshale ukaruka. Babu akavuta pumzi ndefu, kama aliyetoka majini.

"Nimesinzia?" aliuliza.

"Ndiyo, babu."

Kisha, Mungu anisamehe, nikavuta tena. Nilitaka kuwa na hakika. Nilimshika mkono babu yangu mwenyewe, nikavuta, nikahesabu ule ukimya, nikabonyeza. Hilo ndilo linalonikaba hadi leo kuliko hata ule uongo.

Kesho yake jioni nilirudi kwa fundi. Hakuniuliza nimefuata nini. Alikunja mkono wa shati, na juu ya kiwiko nikaona saa iliyopasuka kioo, mkanda wake umezama kwenye nyama.

"Ya mama," alisema. "Nami niliulizwa. Nami nilisema ni yangu."

Akasogeza pazia kidogo. Kitandani kulikuwa na shuka, na kwenye shuka macho mawili yaliyonigeukia. Sikuona kingine cha kusema ni mtu.

Nilimsihi aichukue tena saa yangu. Alisema anapokea, kwani hata hiyo ilirudishwa na mtu mwezi uliopita. Ila ikirudi dukani, atalazimika kuvuta kitufe.

Nilitazama ukuta. Saa zote zile, kimya, kila kitufe kimevutwa.

"Fundi... hizi zote?"

Aliachia pazia, akarudisha kioo jichoni.

Sikuirudisha. Ilichukua miezi babu kuharibika. Miguu ilimvimba, chakula kikamkataa, maji yakajaa kifuani. Madaktari wanamsikiliza moyo, wanatazamana. Kwa maradhi yale alipaswa kuwa amekwenda, lakini moyo unapiga vilevile, sawasawa kama alivyoagiza. Usingizi umemkimbia kabisa, na mimi nikiwa wodini namsikia mkononi mwangu, tik, tik, juu ya mapigo ya watu wengine.

Juzi nilipokaa kitandani kwake kuitia ufunguo, aliniwekea mkono juu ya saa. Mkono mwepesi, mfupa mtupu.

"Siku ile sikusinzia," alinong'ona.

Niliacha kuzungusha.

"Palikuwa pametulia. Kifua hakikuniuma. Ukanirudisha... ukanipeleka, ukanirudisha tena."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe zamani. Vuta sasa."

Nilikishika kitufe. Nimewafumba macho wagonjwa wengi, na sijawahi kusita. Nilikishika kwa vidole viwili, yeye akafumba macho mwenyewe, akanisubiri kwa adabu, kama mtu anayesubiri sindano.

Sikuweza. Nilikizungusha badala ya kukivuta, taratibu, mpaka kikakaza. Chozi lilimtoka chini ya kope.

Leo jioni nimeitia tena. Alisikia ule mlio wa kuzungusha, akageuzia uso ukutani kabla sijamaliza.