Mkufu wa Zuleika na Moshi wa Buhuri

Kila alasiri Safinah akirudi kutoka shule, kazi zilikuwa zile zile: avue sare, afue soksi, ale, kisha afungue vitabu. Wiki ile vitabu vilisahaulika kabisa. Dada yake Zuleika alikuwa anaolewa Ijumaa, na nyumba yao ndogo ya ghorofani kule Bukoto ilijaa mabeseni, mazulia ya kuazima na wageni wasiokwisha. Mtoto kama Safinah, ambaye hata siku ya kawaida hakujua kutulia kwenye kiti mpaka chakula kiishe, alikuwa kama amepakwa pilipili miguuni.

Alipewa kazi moja: kufukiza nguo za bibi harusi. Wanubi, kabila lao, hawana mchezo na jambo hili. Makaa yanatiwa kwenye chetezo cha udongo, juu yake inawekwa buhuri iliyopikwa kwa vipande vya msandali, sukari na mafuta mazuri. Kisha kapu kubwa linafunikwa juu yake na nguo zinatandazwa kwenye kapu ili moshi uziingie. Bibi harusi ambaye vitu vyake havinukii atasemwa mpaka azeeke. Mama alimwonya Safinah akae palepale barazani, ageuze nguo, asizidishe buhuri, na asithubutu kugusa kisanduku chekundu kilichokuwa juu ya kabati.

Ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na mkufu wa fedha wenye jiwe moja la thamani liitwalo akwamarini. Bwana harusi, Jafar, fundi wa magari, ndiye aliyeuleta. Jiwe lilikuwa na buluu nyepesi sana, karibu na rangi ya maji ndani ya bilauri. Zuleika alilipenda mara moja. Shangazi Husnah hakulipenda hata kidogo. Yeye alikuwa dada yake baba, na kwa kuwa baba alikuwa kazini Gulu, neno lake ndilo lililosikilizwa nyumbani. Alinyoosha kidole chake chenye pete ya jiwe la buluu iliyokolea na kusema kwamba jiwe la maana lazima likolee hivi, na kwamba lile la Jafar lilifanana na maji ya kusuuzia vyombo.

Maneno hayo yalimkera Safinah. Alimpenda Jafar, ambaye hakuwahi kumwita mtoto msumbufu. Alipokuwa akigeuza shela na magauni siku ile ya Jumatatu, wazo likamjia: kama kila kitu cha bibi harusi hufukizwa, mbona mkufu umeachwa? Ukinukia, hata Shangazi atanyamaza. Akapanda kwenye kiti, akauchukua, akaulaza katikati ya shela. Akaongeza buhuri konzi nzima.

Angalau angekaa hapo. Lakini Atoo, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alikuja na kamba, na miguu ya Safinah haikungoja ruhusa. Walirukaruka ujiani mpaka wakalowa jasho. Safinah aliporudi, mkufu ulikuwa umeteleza kupitia tundu la kapu na kuning'inia juu ya chetezo, katikati ya moshi mzito. Aliutoa kwa ncha za vidole. Jiwe lilikuwa limefunikwa na utando wa kahawia unaonata. Cheni ilikuwa imefifia na kuwa nyeusi. Akausugua kwa gauni lake, na utando ukaenea zaidi.

Akaurudisha mkufu kisandukuni, akafunga, akashuka kwenye kiti. Mama alipomwuliza kazi imekwendaje, alijibu kwamba imekwenda vizuri.

Kesho yake wanawake wa mtaani walikuja kutazama vitu vya bibi harusi, kama ilivyo ada. Wakakaa sebuleni na chai yao, na vitu vikatolewa kimoja kimoja: vitenge, shela, viatu, manukato. Kisha Shangazi Husnah akafungua kisanduku chekundu. Shingo zikanyooka kuutazama mkufu uliopoteza rangi. Mmoja wa wageni akakohoa kidogo, kikohozi kile cha mtu asiyeumwa kifua.

Shangazi alisema yeye alishajua, hiki ni kioo. Jiwe la kweli halififii ndani ya kisanduku. Mwingine akadakia kwamba mwanamume anayeanza ndoa kwa kitu bandia, mwishowe ataleta nini? Mwingine alikumbuka binamu ya Jafar aliyewahi kuuza simu mbovu. Maneno yakazaa maneno, na kabla chai haijapoa, Jafar aliyejulikana kwa uaminifu alikuwa amegeuka tapeli. Zuleika akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jafar aliitwa, akaja na nguo zake za gereji, mikono ikiwa bado na grisi. Alieleza kwamba alilinunua jiwe lile Kabalagala, kwenye duka la mapambo la Mama Acan, na kwamba alilichagua mwenyewe baada ya kulitazama kwa muda mrefu. Shangazi akamwonyesha mkufu. Kijana wa watu aliugeuzageuza mkononi.

"Kama nimedanganywa," alisema mwishowe, "basi tumedanganywa pamoja, mimi na nyinyi."

Shangazi hakulainika. Alisema kesho watakwenda wote dukani, na ikithibitika kuwa ni kioo, atampigia kaka yake Gulu amwambie harusi isimame.

Jioni ile Safinah hakuweza kukaa. Aliosha vyombo, akaviosha tena. Alifagia ukumbi ambao ulikuwa umefagiliwa. Nyuma ya mlango alimsikia Zuleika akilia taratibu, kama mtu asiyetaka kusikiwa. Mara mbili Safinah alifika mlangoni, na mara mbili akageuka. Akisema, atakuwa yeye aliyeharibu mkufu wa harusi. Nani atanunua mwingine? Kisha wazo jingine likaja, baya kuliko yote: labda kweli ni kioo. Labda Jafar kweli ametapeliwa, na hapo moshi wake hautakuwa na kosa lolote. Akajikuta anaomba kimoyomoyo liwe kioo. Alipotambua anachokiomba, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa anaomba dada yake asiolewe, ili yeye asigombezwe.

Kesho yake, baada ya masomo, aling'ang'ania kwenda nao. Duka la Mama Acan lilikuwa dogo, limebanwa kati ya saluni na duka la simu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu kutoka kaskazini, mke wa mwanajeshi, mwenye Kiswahili cha kambini, cha haraka kisicho na mapambo. Mama, Zuleika, Jafar na Shangazi wakajazana mbele ya meza yake ya kioo. Shangazi hakumaliza hata salamu. Alimwekea mkufu mezani na kumwuliza kama hana haya kuwauzia vijana chupa zilizovunjika.

Mama Acan hakukasirika. Aliuinua mkufu, akaunusa, akawatazama mmoja mmoja.

"Huu ulitoka hapa ukiwa safi," alisema. "Umepita wapi?"

Mama alisema haukupita popote, ulikuwa kisandukuni. Shangazi akasema hakuna aliyeugusa. Jafar alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Safinah alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha, akabadilisha tena. Mama Acan alinyoosha mkono kuchukua lenzi yake, na Safinah akajua kwamba akingoja hata kidogo, jiwe litasema kabla yake, na yeye atabaki mtu aliyenyamaza mpaka mwisho.

"Ni mimi," alisema. "Niliutoa, nikaufukiza. Nikaenda kucheza. Jafar hakufanya kitu."

Alieleza yote: kiti, konzi ya buhuri, kamba ya Atoo, uongo aliomwambia mama. Mama alifumba macho. Zuleika alimtazama kama hamfahamu, na mtazamo ule ulimwuma Safinah kuliko kiboko. Akaanza kulia, akasema anajua ameliua jiwe na kwamba yuko tayari kwa adhabu yoyote.

"Hebu ngoja," akasema Mama Acan.

Alimimina maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akatia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, akautumbukiza mkufu. Baada ya muda akachukua mswaki laini na kusugua polepole, mbele na nyuma, hasa nyuma ya jiwe ambako uchafu hujificha. Maji yakawa na rangi ya chai. Alipousuuza na kuukausha kwa kitambaa, jiwe lilikuwa limerudi, jepesi na angavu kama lilivyokuwa. Cheni akaipangusa kwa kitambaa kingine cha kung'arishia fedha.

Alimwambia Safinah ashukuru kwamba jiwe halikuangukia makaa, maana moto mkali ungeweza kulipasua. Moshi ulikuwa umeacha mafuta na sukari ya buhuri juu yake tu. Kisha akampa kila mmoja lenzi atazame mwenyewe. Kioo mara nyingi huwa na mapovu madogo ya duara ndani yake, na kingo zake hulika upesi. Akwamarini ni ngumu kuliko kioo, kingo zake hubaki kali. Kwa uhakika zaidi alilipima kwa kifaa kidogo kinachoonyesha jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe. Ilikuwa akwamarini, bila shaka yoyote. Na kuhusu rangi, alisema, nyingi ndivyo zilivyo, nyepesi. Zilizokolea ni adimu na ghali, kwa hiyo ukiona jiwe kubwa, limekolea na ni rahisi, uliza mara mbili kabla hujanunua.

Shangazi Husnah aliitazama pete yake. Kisha, polepole, akaivua na kuisukuma mezani. Mama Acan akaitazama kwa lenzi, akamrudishia na kusema ni kioo kizuri, kimekatwa vizuri, aivae tu. Shangazi aliivaa. Akamgeukia Jafar na kumwomba radhi mbele ya wote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Jafar alimjibu kwamba yamekwisha, Shangazi, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Walipotoka nje, Safinah alifuata nyuma, akingoja kipigo. Shangazi alisimama, akamshika bega.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Kuharibu kitu ni bahati mbaya. Jiwe tumelisafisha kwa maji na sabuni. Jina la Jafar tutalisafisha kwa nini? Ulikaa kimya siku mbili tu, na mimi nikaropoka siku moja, na sasa mtaa mzima unamwita tapeli. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajabebeshwa mzigo wako. Na mimi nijifunze kutosema nisichokijua."

Safinah aliitikia kwa kichwa. Alidhani yamekwisha. Lakini walipofika Bukoto, Shangazi hakupanda ngazi za kwenda nyumbani. Alimshika mkono wakaelekea kwa mgeni wa kwanza aliyekunywa chai yao Jumanne, wakabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, Shangazi alisema kwamba mtoto huyu ana neno, na akimaliza, yeye naye ana lake. Safinah akaanza tangu mwanzo. Zilibaki nyumba nyingine nyingi, na walikwenda zote.