Boriti ya Averkamp

Boriti ya juu ya lango kuu la nyumba ya Averkamp ilikuwa imeibwa.

Inspekta Hinnerk Dopheide alishuka kwenye farasi, akalitazama pengo. Unga wa msumeno ulikuwa bado mbichi kizingitini.

"Mwizi ni Lübbert, kibarua wangu," mzee Gerd Averkamp alisema kabla hajaulizwa. "Anamtaka binti yangu. Nimemkatalia."

"Kwa nini?"

"Shamba hili ni la damu ya Averkamp, baba kwa mwana. Mimi sina mwana, basi litakwenda kwa mtoto wa ndugu yangu. Si kwa Knostmann asiye na mbele wala nyuma!"

Lübbert Knostmann alikuwa zizini, akikamua.

"Jana asubuhi boriti ilipotoweka, ulikuwa wapi?"

"Kanisani, afande. Nilikaa nyuma ya Fenne. Mahubiri sikuyasikia hata neno."

"Nani alibaki nyumbani?"

Kijana alisita. "Mzee. Alisema mgongo unamuuma."

Fenne, binti wa Gerd, alihojiwa jikoni.

"Chokaa ya boriti ilikuwa inabanduka," alisema. "Nikaikwangua kwa kisu, herufi zikatokea. Nikamwambia baba mezani. Supu hakuimaliza."

"Ulisoma nini?"

"Trine. Jina la bibi yangu."

Inspekta alirudi langoni. Magogo mawili ya mwaloni yalikuwa yameshindiliwa chini ya ukuta, yakiubeba vizuri kabisa.

"Mzee Gerd, nimekamata wezi wengi. Sijaona aliyeiba kisha akaitegemeza nyumba isianguke."

Mzee aliinamisha kichwa. "Iko ghalani, chini ya majani makavu. Niliivuta kwa farasi."

Waliiosha chokaa. Fenne akasoma kwa sauti: "Trine Averkamp na mumewe Johann, aliyezaliwa kwa jina la Knüwe, walijenga nyumba hii."

"Babu alikuwa Knüwe?" akamuuliza baba yake.

"Alikuwa kibarua hapa," Gerd alisema. "Alimwoa Trine, mwenye shamba, akachukua jina la shamba. Ndivyo walivyofanya zamani. Hata baba yake Trine aliingia hivyohivyo. Jina ni la ardhi, si la damu. Shuleni wenzangu waliniita mtoto wa kibarua. Baba alipokufa, nikaipaka boriti chokaa."

"Na mimi ukanifanya nijute kuzaliwa mwanamke," Fenne alisema. "Miaka yote hiyo, baba!"

Mzee alizipapasa herufi kwa kidole.

"Mbona hukuichoma?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"Moto niliuwasha. Nikashindwa. Jina la mama limo."

Dopheide alivaa kofia yake. "Mtu hajiibii mali yake. Lakini umemsingizia mtu."

Gerd alikwenda zizini, akavua kofia mbele ya kibarua wake.

"Lübbert, nimekukosea. Na kama... kama ukiingia nyumba hii, utakubali kuitwa Averkamp?"

Kijana alimtazama Fenne aliyesimama mlangoni.

"Mzee, hilo muulize mwenye shamba."