Krankshafti Ambayo Mama Mkwe Hakuipima

Jamani majirani, sogeeni kidogo. Hii ni ya kwetu sote, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Nyumbani kwa dada yangu, Jumamosi asubuhi ilikuwa na sauti mbili tu. Sebuleni cherehani, dada anashona sare za shule. Nje kibarazani, skuta kuukuu ya mumewe ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mmoja anashona, mwenzake anapeleka mzigo. Walikuwa wametulia, wala hawakuwa na habari na mtu.

Shemeji tunamwita Roketi. Skuta ile alikuwa ameifanyia ufundi mpaka ikawa haijijui: silinda kubwa, kabureta kubwa, eksozi inayoimba. Ndani kilichobaki cha kiwandani ni krankshafti. Kwa asiyejua, hicho ndicho chuma kinachopokea teke la pistoni na kuligeuza kuwa mzunguko wa tairi. Ni duara mbili nzito zilizobanwa pamoja kwa pini moja. Inazunguka mara elfu saba kwa dakika, na haitakiwi kuyumba hata nusu ya unywele. Hebu ifikirie! Chuo cha ufundi niliacha mwaka wa tatu, lakini hilo likinijia kichwani mpaka leo nasisimka.

Krankshafti ya zamani isingeiweza nguvu ile, kwa hiyo Roketi akaenda kumuuliza mama mkwe wake. Mama yetu ni mkereza vyuma, anachonga chuma kinachozungushwa, miaka thelathini mashine ileile.

"Chukua yenye mwendo wa pistoni uleule wa zamani," mama akamwambia, "ila fimbo yake ya pistoni iwe nene. Halafu kabla hujafunga, niletee niipime."

"Hata ikiwa mpya, mama?"

"Mpya kwani haidondoki?"

Roketi akaridhika kabisa. Kisha akapita kijiweni, na mimi nikafungua mdomo wangu huu.

"Kwa hiyo wewe, mwanaume mzima, unachaguliwa krankshafti na mama mkwe? Akikuchagulia na soksi utuambie!"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kigoda chake. Roketi naye alicheka, ila nilimwona anakunja kitambaa chake cha jasho, anakikunjua, anakikunja tena.

Wiki iliyofuata akaja na boksi. Ndani mlikuwa na krankshafti ya mwendo mrefu, si ule aliosema mama, inayoipandisha pistoni juu zaidi na kuishusha chini zaidi, imechongwa pembeni, inang'aa kama kioo. Tuliliinamia boksi wote, hata mimi. Kona ya boksi ilikuwa imebonyea, ndipo nikapata la kusema: "Naona bibi harusi kajikwaa njiani!" Tukacheka.

Dada akauliza, "Umempelekea mama?"

"Nitampelekea."

Hakupeleka. Angeanzia wapi? Aingie karakana ya mkwe wake na chuma ambacho mkwe hakumchagulia? Aliona haya. Akafunga mwenyewe.

Siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, wakatoka kupeleka sare, dada siti ya nyuma na furushi mapajani. Niliisikia injini kabla sijaiona. Nisiwadanganye, sauti ile ilinisimamisha nywele. Ilikuwa kama kitambaa kirefu kinachochanwa kutoka mbinguni.

"Taratibu, mume wangu!"

"We sikia inavyovuta!"

Akatuona kijiweni. Akainua mkono wa kushoto kutupungia. Wa kushoto, jamani, ndio wa klachi! Injini ikikwama ghafla unabana klachi, tairi linaachiwa. Ilikwama hapohapo, na mkono wa klachi ulikuwa hewani unanisalimia mimi. Tairi la nyuma likachora mstari mweusi barabarani, sare zikaruka kama ndege waliotishwa.

Dada alivunjika mkono wa kulia. Mkono wa kazi. Roketi alichubuka kidevu tu, na kule kupona kwake ndiko kulikomtesa.

Kesho yake tulimpelekea mama ile krankshafti. Akailaza juu ya vishikizo viwili, akaigusisha kipimo chenye uso kama wa saa, akaizungusha kwa kidole. Mshale ukakimbia kwenda, ukakimbia kurudi: chuma kilikuwa kinayumba. Kisha akatuonyesha kijishimo ukingoni mwa duara.

"Hapa iliangushwa kabla hujaifunga. Ungeniletea."

"Niliona haya, mama. Walinicheka."

"Nani?"

Roketi akatoa kitambaa chake cha jasho, akakikunja. Hakunitaja. Majirani, heri angenitaja.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Haya. Shika hapa."

Nikashika. Akachukua nyundo ya shaba, akagonga mara moja. Akapima. Akageuza, akagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mama ambaye bila miwani hanitambui ng'ambo ya barabara! Mshale ukapunguza mbio, ukatetemeka, ukasimama kimya huku chuma kinazunguka.

"Imenyooka, ila haipandi tena barabarani," akasema, anafuta mikono. "Dakika kumi. Hiyo ndiyo kazi mliyonikimbia."

Sare zilizochanika tulizimaliza Roketi na mimi, dada akituamuru, mkono wake umefungwa plasta. Vifungo nilivyoshona mimi, alivifumua vyote.

FUNZO

Ukishaharibu kwa kukataa ushauri, rudi kwa yuleyule aliyekushauri. Haya ikikuzuia, jeraha atalipata mtu mwingine. Na nyinyi wenye midomo mepesi kama wangu: mtu akienda kuuliza kwa anayejua, mwacheni aulize. Kabla hujamcheka, kwanza tazama ni nani anayekaa siti yake ya nyuma.